Imbwa Yangu Wivu

Kolwezi, siku ya ine ya juma, usiku

Imelala pa mulango, iko inakoroma sawa marehemu bwana yangu. Asante Mungu.

Jana ilitoka, usiku nzima haikurudia. Batoto bangu bote beko Mutshatsha. Humu mu nyumba tuko babili tu, mi na imbwa. Leo asubui nikazunguka mitaa yote ya cité nikiita: "Wivu! Wivu!" Mpaka sauti ikakauka.

Ile jina niliipatia juu ya jirani, Mama Ngalula, aache kuchungulia sufuria yangu. Kila magaribi naita imbwa kwa nguvu pembeni ya lupango, ua ya nyumba yake. Anajua ni yeye nasema. Hatusalimiane.

Leo yeye mwenyewe akatoka. "Ikala chini, mama, utaanguka. Mi nitaita."

Akaenda akiita mpaka kule kwa reli. Batu banamucheka: "Mama, unaita wivu ya nani?"

Akabajibu: "Ya kwangu! Mukuye munisaidie kuitafuta!"

Akaikuta mu pori, muguu mu mutego ya nyama. Akanirudishia, ikichechemea.

Nikamwambia tu: "Umekawia." Akacheka, mwanamuke ule.

Kesho nitamupelekea sufuria ya sombe na samaki. Lakini jina sitabadilisha. Imbwa imeshaizoea.