Ukingo wa Kushoto

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Wajukuu wangu hawajambo? Sisi tu wazima. Mama yako kifua kimemwachia, sasa ananigombeza kwa sauti kamili.

Habari mbaya ni kwamba nyumba ya pampu imeangukia mtoni juzi. Hakuumia mtu, ila mabomba yote makavu. Fundi aliijenga ukingo wa kulia kwa sababu ile tovuti yenu ya vipimo vya mito ilichora kwamba maji yanakula ukingo wa kushoto, kwa chini, mahali jicho halifiki. Kumbe yanakula kulia. Kamati ya maji wanasema mzee aliyepima, yaani mimi, ndiye kachanganya mikono. Wameninyang'anya fimbo ya kupimia mbele za watu. Sasa naitwa Mzee Kushoto.

Wewe ndiye unayekagua vipimo kabla havijachorwa. Hebu niangalizie, nilikosea? Nisije nikawa nimekuaibisha kazini.

Baba yako

15 Machi

Baba, shikamoo.

Pole sana kwa yaliyokupata. Sisi hatujambo, wajukuu wanakusalimu. Nimeangalia harakaharaka, kazi zimenibana. Kukosea ni jambo la kawaida, baba, hata wahandisi hukosea. Usiyaweke moyoni. Pumzika sasa, umefanya kazi ya kutosha.

Mwanao

2 Mei

Baba, shikamoo.

Hata hiyo shikamoo nimeiandika kwa aibu. Hukukosea. Ni mimi.

Kanuni ya tovuti ni kwamba mpimaji aelekee maji yanakokwenda, ndipo aseme kushoto na kulia. Vipimo vyako vilipoingia, nilikuona akilini umesimama kivukoni umeelekea yanakotoka, kama wanavyofanya wapimaji wengi wa umri wako. Nikasema, baba naye, maelekezo hakusoma. Nikavigeuza vyote, kulia kukawa kushoto, nikiwachekesha wenzangu kwa habari za mzee wangu. Sikukuuliza.

Uliponiandikia nilijua siku ileile, nikajifanya hamnazo. Leo nimevirudisha kama ulivyovituma, na nimeandika kwenye ukurasa wa mto wenu, panaposomwa na kila mtu, kwamba kosa ni langu. Bosi pia nimemwambia. Nimekuacha uchekwe miezi miwili, baba. Uso wa kukutazama sina. Nisamehe.

Mwanao

11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Nilijua. Kwenye ukurasa ule kuna mahali pa kubonyeza ukaona nani kabadilisha nini. Jirani yetu mwalimu alinionyesha kabla sijakuandikia ile barua ya Machi. Niliona jina lako, na jina langu limelifuata kama ubini wako. Nikamsihi asimwambie mtu. Nilikuuliza ili uniambie mwenyewe. Ukaniambia nipumzike.

Maelekezo niliyasoma mara nne, kwa miwani ya mama yako. Namba yangu ya simu unayo. Ungenipigia tu, ningekuambia nilisimama vipi.

Nimekusamehe, ila iliniuma, na bado inauma. Kamati wameniomba radhi, fimbo wameirudisha, na Jumatatu naanza kupima tena. Nimemwandikia bosi wako, kwa heshima zote, nikamwomba vipimo vyangu vikaguliwe na mtu mwingine. Wewe niandikie habari za wajukuu.

Baba yako