Shemeji Yako na Ule Utelezi wa Tangini

Nyumba za Wafanyakazi,
Nyuma ya kiwanda cha maziwa.
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu,

Nakusalimu kwa jina la Mungu. Naomba uwe mzima, wewe na wifi yangu na wanangu. Kifua cha wifi kimepoa? Sisi miili ni mizima. Mioyo ndiyo inayouma, na aliyeiumiza ni wewe, kwa hiyo keti usome mpaka mwisho. Nimempa barua hii dereva wa lori, maana simu zangu hupokei.

Juzi ulipoongea na meneja kwa simu, alikuwa amefungua spika. Shemeji yako alisimama hapo hapo mlangoni, kofia mkononi, akamsikia mdogo wa mkewe akisema, "Huyo mzee ni mzembe. Mngempa jembe, si brashi." Mpokea maziwa naye alisikia. Sasa kiwanda kizima kinamwita Mzee Klorini, wanamwuliza kama vijidudu ameshawazika.

Ulipokuja kutufungia lile tangi la umeme hapa kiwandani, ulisema ndani wamo vijidudu wanaokula uchafu wa maji ya kuoshea makopo, na katika kula kwao wanatoa umeme kupitia zile brashi nyeusi mnazoita elektrodi. Tulicheka, lakini taa ya geti ikawaka, tukamshukuru Mungu. Ukamkabidhi shemeji yako ufunguo. "Shemeji, tunza, pawe safi." Ukapanda gari, huyoo. Kwamba ule utelezi kwenye brashi ndio vijidudu wenyewe, hukusema.

Na wewe nimekulea mimi humu humu. Mtu wa maziwa akiona utelezi, anaona maziwa ya watu yameharibika, yamemwagwa. Shemeji yako alifungua tangi, akakuta brashi zimeota ute kama konokono, akaona aibu kwa niaba yako. Akazisugua kwa klorini mpaka zikawa kama mpya, akaiombea na kazi yako baraka. Kesho yake taa kimya.

Usomi wako siukatai. Ila ulimwogopa meneja, ukamtupia shemeji yako mzigo. Mtu aliyekubeba mgongoni hadi hospitali ulipougua surua. Kwetu huo hauitwi usomi, unaitwa uoga.

Meneja ataamua mwisho wa mwezi kama amwachishe kazi, na nyumba hii ni ya kiwanda. Mpigie kabla. Sema tu, "Mimi sikumwambia." Na useme watu wakisikia, maana ulimwaibisha watu wakisikia.

Yeye hajui kama nakuandikia. Ananiambia, "Mama, mwache kijana, kazi imemzidi." Jana kwenye sala alikuombea upate tangi jingine lililo bora. Mimi sikuitikia amina.

Msalimie wifi na wanangu wote, na kitindamimba mwambie shangazi amemkumbuka. Mungu akupe afya, akunyime usingizi mpaka upige simu.

Dada yako akupendaye, leo kwa shida.