Mbwa Uliyenipa na Filimbi ya Mkwe wa Watu

Suma, Tukuyu
Jumatano, baada ya adhuhuri

Kwa mdogo wangu Salimu,

Amani ikufikie hapo Kondoa, wewe na kila anayelala chini ya paa lako. Mke wangu Mariamu ameniagiza nianze na goti lako, nami nauliza: je, sasa unaweza kusujudu bila kushika ukuta? Na mahindi, yamebeba au jua limeyawahi? Huku mvua hainyeshi kwa kuombwa. Hunyesha inapopenda, na migomba inashukuru. Afya yangu ni njema. Hasira yangu nayo ni nzima. Haijapungua kwa wiki tatu, na ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Habari ni ya Sisemi, mbwa uliyenitumia akiwa mdogo ndani ya tenga, akabadilishiwa mabasi matatu pamoja na kuku wa watu asibweke hata mara moja. Yu hai. Natanguliza hilo ili usisome barua hii huku moyo ukikudunda. Lakini amepigwa risasi. Nitakueleza wa kulaumiwa ni nani, mpaka nifike mahali ambapo mimi mwenyewe sipendi kufika.

Unajua kwamba tangu nistaafu ualimu nimebaki huku kwa wakwe zangu, na kila Jumamosi huenda kuwinda kwale pamoja na jirani yangu, Mzee Anyosisye. Hatutumii bunduki. Yeye ana nyavu alizozisuka kwa mikono yake, mimi nina mbwa. Kwale akishtuka huruka, asiposhtuka hutembea. Basi sisi hutandika nyavu katika vinjia vya nyasi juu ya mashamba ya chai, kisha Sisemi huingia kutoka chini, taratibu, na ndege humtangulia kwa miguu hadi wavuni. Tunawakamata wakiwa wazima, mimi nachinja, na nyumba mbili zinakula, ya Mkristo na ya Mwislamu, wala hakuna swali.

Kazi hiyo haivumilii sauti. Mbwa hafunguliwi kamba mpaka nyumba ya mwisho ipitwe, na mwenye shamba huombwa njia hata kama aliombwa jana. Mwenye kikohozi hubaki nyumbani. Neno linaloruhusiwa ni bismillahi ninayomnong'onezea Sisemi ninapomfungua. Baada ya hapo ni ishara za mikono tu. Sauti yangu porini ina maana moja kwake: acha yote, njoo. Nilimfundisha hivyo kwa ajili ya nyoka. Kwa miaka minne nilimwita mara mbili, na mara zote mbili alikuja kama jiwe lililotupwa.

Sasa sikiliza. Mzee Anyosisye amemwoza binti yake kwa mtu aitwaye Ambokile, mmoja wa wafanyabiashara wapya hawa. Tangu milango ya biashara ifunguliwe, yeye hupeleka ndizi Dar es Salaam na kurudi na redio, mitumba na maneno. Amenunua bunduki ya marisau, na kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa akifungasha kurudi kwao amenunua jibwa jeupe liitwalo Jeki. Leseni ya bunduki anayo, nimeiona. Leseni ya adabu haina ofisi.

Jumamosi ile alikuja na pikapu, redio ikiimba hadi alipozima gari. Jibwa lilishuka bila kamba, njuga shingoni. Yeye mwenyewe alikuwa amening'iniza filimbi ya refa.

"Mugonile, mwalimu!" alinisalimu kwa kelele kutoka hatua tano, kana kwamba niko ng'ambo ya mto.

Nikamwitikia kwa kunong'ona, nikamwambia, "Baba, mfunge mbwa wako. Hapa pana kuku."

"Aa, mwalimu! Jeki ni msomi huyu. Amesoma Ulaya."

Msomi akaingia uani kwa Mama Tupokigwe, mjane anayekaa nyumba ya mwisho, akamkurupusha kuku aliyekuwa analalia mayai. Mama akatoka na mwiko mkononi.

"Nyie wanaume mna nini leo? Miaka yote mnapita hapa kama wachawi, hata sijui mmekuja lini mmeondoka lini. Leo mmeleta harusi?"

Nilimtazama Mzee Anyosisye ili amkemee mtu wake. Akavuta kofia mpaka kwenye nyusi. Mkwe hagombezwi mbele ya watu, hasa mkwe aliyeleta mabati ya paa. Nilimwelewa, na nilikasirika vilevile.

Mahali pa kwanza hatukupata hata unyoya. Ilikuwa njuga, filimbi, na "Jeki, tafuta! Jeki, rudi! Jeki, mjinga wewe!" Kwale waliruka juu ya nyavu zetu, wakaenda zao bondeni. Nilimweleza Ambokile kwa upole, kama nilivyokuwa nikiwaeleza watoto wa darasa la kwanza, kwamba ndege hawa wana masikio. Akacheka.

"Mwalimu, enzi za kunong'ona zimepita. Sasa ni ruksa. Hata kwale ni ruksa kusikia muziki."

Ruksa! Neno hilo limekuwa sabuni ya kuoshea kila uchafu. Mtu akipitisha gari katika maharage ya mwenzake, ruksa. Akifungulia redio msibani, ruksa. Sijasikia bado mtu aliyepewa ruksa ya kunyamaza.

Kabla ya kutandika mahali pa pili tulipatana. Jeki atafungwa kwenye mti, na bunduki itabaki begani mpaka nyavu zikunjwe. Ambokile aliweka kidole mdomoni. "Haya, wazee wangu. Nimekuwa bubu."

Nilimfungua Sisemi. Alikwenda kama hatua thelathini, akalala kifudifudi, pua mbele, mkia umetulia. Ungemwona, Salimu, ungesema ni marehemu baba aliyemfundisha. Mbele yake nyasi zilitikisika, nikaona migongo sita ya kahawia ikitembea kwa mstari kuelekea wavuni, bila haraka, kama wanawake wanaotoka kanisani. Zilibaki hatua chache.

Ndipo filimbi ikalia. Ambokile alikuwa ameshindwa kuvumilia, amelifungua jibwa lake. "Kamata, Jeki! Kamata!" Kwale wakaruka, tena chini chini, na yeye akainua bunduki.

Nilipaswa kuinua mkono tu, bila kutoa sauti. Sheria hiyo niliitunga mimi. Lakini asubuhi nzima ilikuwa imenijaa kooni, nikaifungulia.

"Ambokile! Nyamaza, mpumbavu wee!"

Ambokile hakunyamaza. Aliyenisikia ni Sisemi. Alikuwa salama pale alipolala. Marisau yangempita juu. Alisikia sauti yangu, akaacha yote, akaja. Aliruka nyasi mbele ya mtutu.

Alipigwa mguu wa nyuma wa kushoto, na sikio likachanika. Nilimbeba mwenyewe hadi kwa bwana mifugo, Tukuyu mjini. Mguu haukufaa tena, ukakatwa.

Lakini kabla sijambeba, Ambokile alikuja mbio, filimbi ingali shingoni. Aliomba radhi, simsingizii. Kisha akaongeza, bila ubaya wowote, kama mtu anayesema kwamba mvua inanyesha: "Lakini mwalimu, ungekaa kimya, si angebaki chini?"

Nimefundisha miaka mingi na nimesahihisha sentensi nyingi za kipumbavu. Hiyo nimeitafutia kosa kwa wiki tatu, na sijaliona. Ndiyo maana namchukia zaidi.

Amekuja hapa mara mbili. Mara ya pili alileta mtoto wa Jeki, eti kifuta machozi. Nilimwonyesha njia aliyojia, nikamwambia bado ipo. Wenye mashamba ya juu nao wametufungia njia sote, wenye kelele na tusio na kelele, na siwalaumu. Mzee Anyosisye alikuja peke yake na mkungu wa ndizi, akaketi, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilinyamaza mahali pa kusema, nawe ukasema mahali pa kunyamaza." Nilimjibu kwamba maneno yake ni mazuri, lakini hayamrudishii mbwa mguu. Hata hivyo nilipokea ndizi.

Sasa nifike nilipokuwa nakwepa. Kidonda kimeanza kukauka, na Sisemi anajifunza kutembea kwa miguu mitatu. Lakini akisikia sauti yangu anakimbia. Hata nikimwambia mke wangu "lete maji," yeye huburuta mwili wake akajificha nyuma ya migomba, na hatoki mpaka njaa imtoe. Sauti ya Mariamu haimtishi. Ya Mzee Anyosisye haimtishi. Ni yangu tu. Nimekuwa nanong'ona katika nyumba yangu mwenyewe, na wajukuu wa jirani wanadhani naumwa koo.

Nakumbuka kwamba baba, alipokuwa na yule mbwa jike mweusi aliyepigwa na radi akawa anaogopa kila kishindo, alikuwa akimwita bila kufungua mdomo. Mimi nilikuwa shule ya bweni. Wewe ndiye uliyekuwa ukienda naye kuwinda. Je, alipiga paja kwa kiganja, au alikwaruza mpini wa mkuki kwa kucha? Mara ngapi? Alisimama au alichuchumaa? Niandikie yote, wala usifupishe. Huu si wakati wa kuwa mchache wa maneno.

Msalimie mkeo, shemeji yangu mwenye kicheko. Msalimie dada yetu Hadija, mfinyanzi wa vyungu, umwambie kile alichonipa bado hakijapasuka. Mjomba Ramadhani, muadhini, umwambie namwonea wivu: yeye akipaza sauti, watu huja.

Ni mimi kaka yako, ninayekuandikia kwa kalamu yale yote ambayo humu ndani siwezi tena kuyasema kwa sauti,

Shabani