Nani Alianzisha Shule Yetu ya Sanaa?

Jumapili. Mvua inapiga kutoka ziwani tangu asubuhi, na mimi sijui niandike nini.

Kamati ya shule yetu ya sanaa imeniomba niandike historia yake kwenye ukuta wa mbele. Shule si ya serikali wala ya kanisa. Waliianzisha wazee wawili, uani, hapa Liuli. Mimi mtu wa Dodoma, niliyeletwa huku kufundisha sekondari, huwa nafundisha kuchora pale Jumamosi. Nilidhani ni kazi ndogo.

Mzee Gaudensi, mchongaji, aliniambia vijana walimfuata wenyewe wakitaka kuchonga, akahamia kwenye ua wa Mama Sabina kwa sababu ulikuwa mpana.

Mama Sabina, mfinyanzi, ndiye aliyekuwa mkewe. Wakati huo walikuwa wameshaachana.

"Huyo alikuja kuniomba msamaha," aliniambia, mikono imejaa udongo. "Wanafunzi walikuwa wangu. Nilimwachia kona tu."

Kila mmoja ameapa kwamba jina lake likiwa la pili, atahamisha vifaa vyake. Wanafunzi wameshaanza kukaa makundi mawili.

Jana nilimpigia simu Imelda, binti yao, aliyeolewa Litembo, kwenye mashamba ya kahawa. Wote wawili wanasema alikuwa mwanafunzi wa kwanza.

Alishusha sauti. "Mwalimu, hakuna aliyetaka kujifunza. Mimi ndiye niliyemwambia baba kwamba wenzangu wanataka kuchonga. Mama nikamwambia wanataka kufinyanga. Wenzangu niliwabembeleza waje. Nilichoka kulala leo kwa baba, kesho kwa mama."

Nikamuuliza kama wazazi wanajua.

"Hawajui. Na usiwaambie, tafadhali. Wanajivunia kwamba walifuatwa."

Ukweli ninao, na nimeombwa niufiche.

Nikiandika ya baba, mama anaondoka. Nikiandika ya mama, baba anaondoka. Nikiandika ya binti, nawavunja moyo wote. Halafu najiuliza kama hayo ya binti ndiyo historia yenyewe, maana wale waliobembelezwa walibaki, na mmoja wao ndiye anayefundisha nakshi leo.

Alasiri nilipita pale. Wazee walikuwa wamejikinga chini ya bati moja, hawasemeshani. Mama aliposogea asilowe, mzee akampisha kiti. Nikawaamkia. Wakaniuliza karibu kwa pamoja, "Umeshaamua?"

Nikajibu kwamba rangi haikauki kwenye mvua.

Na mvua ikikatika, nitawaambia nini?