Zakayo Ameokoka

Jumatatu, 1 Machi 1971

Nimepiga pasi mashati ya wiki. Nimepaka viatu rangi. Upande wa pili wa ukuta wameanza tena. Walokole hukutana chumbani kwa Zakayo kila Jumatatu na Alhamisi jioni, na mabati hayazuii hata pumzi. Zakayo ni mpishi wa Wazungu kule Kilimani. Zamani alikuwa mlevi mwenye adabu: alirudi, akalala. Tangu Krismasi ameokoka, na ploti yetu ya vyumba vya kupanga hapa Riruta haijapata utulivu.

Kanuni yao nimeijua bila kutaka. Mmoja husimama na kueleza dhambi zake, kwa majina na mahali. Wengine huguna. Akimaliza, au akirefusha mno, yeyote huanzisha wimbo wao, ule ule mmoja, na wote sharti wainuke waitikie. Msemaji hukaa. Leo mjane wa chumba cha pembeni amekatwa hivyo pale tu hadithi yake ilipoanza kunoga. Nilisikitika. Ndiyo burudani pekee wanayotoa.

Jumatano, 3 Machi

Habari ya ploti: Zakayo amemrudishia mwajiri wake vijiko vya fedha alivyoiba mwaka juzi. Mama wa Kizungu alilia, akamsamehe, akamwongezea mshahara. Mtunza bustani aliyefukuzwa kwa ajili ya vijiko hivyo hivyo hajulikani aliko. Hilo halimo katika ushuhuda.

Wanawake bombani wanasema Zakayo sasa ana uso wa mtoto mchanga. Kweli. Mtoto mchanga naye hajali ila tumbo lake.

Ijumaa, 5 Machi

Zakayo amebisha hodi. Kanyoa, ananukia sabuni ya kufulia.

"Ndugu, nimeona nikuambie wewe kwanza. Ndiyo heshima."

Jumapili ya wiki ijayo kuna mkutano mkubwa. Wageni watatoka Kinoo. Atatubu mbele yao juu ya dada yangu. Rispa. Ule mwaka mumewe, Habili, alipokuwa kwenye kazi ya ujenzi Nakuru.

Niliketi kitandani. Nikamwambia atubu kwa Mungu, chumbani, mlango umefungwa.

"Kutubu nusu ni kumdanganya Roho, ndugu."

Basi aache jina.

"Jina ndilo lenye uzito."

Habili atamfukuza mke wake, nikasema.

"Nuru huleta amani. Niangalie mimi. Nimekuwa mwepesi kama unyoya."

Mwepesi, ndiyo. Mzigo kautua kichwani kwa dada yangu.

Mtoto wa mwisho wa Rispa, Edina, ana miaka mitatu. Sijauliza. Sitauliza.

Jumamosi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Rispa. Wanakaa nyuma ya karakana ya Habili, kando ya barabara ya Naivasha. Alikuwa akichambua maharagwe. Nilimweleza. Hakulia.

"Kaka, mimi nilishamwomba Mungu, nikanyamaza. Huyu anataka nini tena?"

Habili alikuwa nje akiranda ubao. Edina alikuwa miguuni pake, amejaa maranda kichwani kama kuku aliyetoka vumbini. Seremala mpole. Haongei. Nilimuuliza Rispa kama mumewe anajua.

"Habili haulizi vitu."

Jumatatu, 8 Machi

Nimemwona Eliakimu, mzee wa kanisa lao. Suti nyeusi katika jua lile. Nilianza kueleza bila kutaja jina. Jina alikuwa nalo tayari. Analisubiri kama mtu anayesubiri nyama iive.

"Bwana karani, jipu lisipopasuliwa haliponi."

Jipu la nani, mwili wa nani, hakujali. Kisha akataka kunituliza. Wimbo ukishaimbwa, dhambi imeoshwa. Ni mwiko kuirudia. Kanuni hiyo kaiweka yeye mwenyewe, anajivunia.

Vizuri. Nyumba ikishaungua nayo haiungui tena.

Jumatano, 10 Machi

Saa ya chakula nimepita dukani kwa Maalim Bakari, karibu na msikiti mjini. Mtu wa Lamu. Huuza kofia na misahafu, jioni husomesha watoto. Nilisema ni habari ya rafiki. Alicheka mpaka kofia ikamteleza.

"Kwenda kulitangaza? Mbele za watu? Bwana wee! Jambo Mungu kakusitiria, wewe walifunua kwa lipi? Na tena si lako peke yako."

Kisha akanimiminia kahawa na kunieleza kwa nini wasomi kama mimi tutaungua.

Dini mbili. Moja hufunika chungu mpaka kinuke, nyingine hukimwaga barazani. Zote mbili huita hiyo amani.

Lakini neno lake moja limenikaa. Kusitiri.

Jumamosi, 13 Machi

Rispa amefunga nguo za watoto mkobani. Nimeuona nyuma ya mlango. Habili ameupita mara mbili, akarudi kwenye randa yake.

Nimefikiria kumpiga Zakayo. Angeniombea.

Jumapili, 14 Machi

Sikuwa nimeingia kanisani tangu nilipotoka shule ya misheni. Leo nimeketi benchi la nyuma. Mabati, joto, wageni wa Kinoo katika nguo zao nzuri. Habili alikuwa mbele na mkewe na watoto. Eliakimu ndiye aliyewaalika. Mshenzi.

Zakayo akasimama. Vijiko kwanza. Kisha pombe. Kisha akavuta pumzi, akamtazama Rispa.

"Na ule mwaka ndugu yetu Habili alipokuwa Nakuru..."

Nikasimama nikaimba.

Sauti yangu ni ya mbuzi. Niliimba mstari wa kwanza wa wimbo wao, peke yangu. Vichwa viligeuka. Hakuna aliyeitikia. Nikaanza mstari wa pili nikijua nimeshindwa.

Ndipo ikaja sauti nyingine, nzito, kutoka mbele. Habili. Amesimama wima, Edina kifuani, hamtazami mtu. Aliimba kama anayepigilia misumari. Kisha mjane wa pembeni. Kisha kanisa zima, na makofi. Zakayo akalia, akakumbatiwa na kila aliyemfikia, akakaa.

Eliakimu alifungua kinywa mara mbili, akakifunga. Kanuni ni yake.

Waliotaka kuelewa wameelewa. Lakini halikusemwa. Huku kwetu, hiyo ni tofauti kubwa.

Jumatatu, 15 Machi

Ploti nzima inasema karani ameokoka. Mama Wambui, bombani, mbele ya watu:

"Haiya! Hata karani! Sasa nani atatununia Jumapili?"

Zakayo alinikumbatia kabla sijafunga vifungo. Anajisikia msafi. Hakumbuki kwamba sentensi hakuimaliza. Nimemwacha na imani yake.

Eliakimu anataka nitoe ushuhuda. Nimemwambia sina dhambi za kuvutia wageni.

Jumapili, 21 Machi

Mvua imeanza. Asubuhi nilipitia kwa Rispa. Nyuma ya mlango hapana mkoba. Alikuwa akimsuka Edina.

Nikaenda kanisani. Sijui kwa nini. Ninajua.

Habili akaja na benchi jipya begani, limelowa. Akaliweka mbele kabisa, karibu na pale wanaposimama kushuhudia. Akalipangusa kwa kiganja.

"Shemeji, wewe ukae hapa."

Nikamwambia mimi siamini mambo haya.

"Najua. Lakini sauti inafika."

Nikakaa. Yeye akakaa kando yangu, Edina katikati. Watu hawa bado nawadharau. Benchi limerandwa vizuri.

Zakayo akasimama. Vijiko tena, mwiko au si mwiko.

Nikasafisha koo. Habili naye.