Mkate wa Riziki

Jumatatu, 4 Agosti
Nazi ishirini nimezikuna kabla ya saa mbili. Mkono unauma. Wenzangu wanne wanasaga mchele huku wanacheka, na Riziki yuko katikati anagawa kazi kama mwenye nyumba, na nyumba ni yangu. Riziki ni wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Alipoolewa hapa Tiwi hakujua hata kuchuja tui. Mkate wa kumimina nimemfundisha mimi, kwa mikono hii. Sasa hoteli moja ya Diani inachukua mikate kumi kila asubuhi, na anayepigiwa simu ni yeye.
Naona wivu. Nimeandika. Basi.

Jumatano, 6 Agosti
Nimefuatana naye kupeleka mikate. Laiti ningalibaki. Kwenye meza ya chai ya wageni, mbele ya mkate, kimesimamishwa kikaratasi kigumu cha herufi kubwa: MKATE WA RIZIKI.
Loo! Mkate wa bibi yangu mzaa mama, leo una jina la mtoto wa juzi.
Mpishi mkuu, kijana wa bara, akaniuliza, "Na wewe mathe, huwa unamsaidia Riziki?" Kumsaidia! Nikasema ndiyo. Njiani wifi akauliza kama naumwa. Kichwa, nikamwambia.

Ijumaa, 8 Agosti
Sikula mchana. Mzee Hamadi, jirani yetu mwenye minazi, amepita akimwombea Riziki dua uani kwangu. Zamani nazi zake alizichukua dalali kwa bei ya kutupa. Sasa tunazinunua sisi, zote. Mwenye kuku naye anamwita Riziki "mwanangu", kwa sababu ya mayai. Wakulima wa mpunga kule Msambweni hali kadhalika.
Najua mkate huu unalisha watu wengi. Najua vizuri sana. Bado roho inaniuma. Riziki amevaa leso mpya, nami naiona kama ameivua mwilini mwangu. Astaghfirullah.

Jumanne, 12 Agosti
Mchele wa zamani umekwisha. Umekuja mwingine kutoka Msambweni, wa mavuno ya sasa, bado unanukia shamba. Hoteli ina harusi kesho. Mikate thelathini.
Mchele mpya hautaki tui jingi. Ukiutilia kama wa zamani, mkate unajaa juu na kupata rangi nzuri, ndani unabaki uji. Hili sikuwahi kumfundisha. Halikutokea.
Riziki akatia tui kwa kipimo kile kile. Kisha akaniletea bakuli la mchele uliosagwa, kama kawaida yake. "Wifi, hebu nitazamie. Uko sawa?"
Nilichovya kidole. Ulikuwa mwepesi kama maji ya mtungi.
"Uko sawa," nikasema.

Jumatano, 13 Agosti
Mikate yote imeharibika. Kwa macho ilikuwa mizuri, ikaenda Diani. Walipoikata mbele ya wageni, uji ukamwagika kwenye sahani. Mpishi alipiga simu, na ukelele wake tuliusikia sote uani. Tusipeleke tena.
Riziki amelia, leso mdomoni. Wenzetu wanasema tumetiwa jicho. Wakataka uani pafukizwe ubani. Aliyepewa chetezo azunguke nacho ni mimi. Nikazunguka nacho, jamani.
Nilidhani nitafurahi. Nilifurahi kweli, muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai.

Ijumaa, 15 Agosti
Hakuna kazi. Nazi zimerundikana kwa Mzee Hamadi. Dalali amekwisha kuja kuzichungulia. Mzee hakunilaumu, amenisalimia tu, kaulizia watoto. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 16 Agosti
Nimekwenda Diani peke yangu kuchukua masinia yetu. Nikajitaja kuwa wifi yake Riziki. Mpishi akanitazama. "Kumbe wewe ndiye yule wifi?"
Wifi gani, nikamuuliza.
Akanieleza. Mwanzoni alimuuliza Riziki huu mkate ni wa nani, auandike jina. Riziki akamjibu: ni wa wifi yangu, yeye ndiye fundi, lakini hataki kutajwa hotelini. Andika riziki tu, maana wanaopata riziki hapa ni wengi: wa nazi, wa mchele, wa mayai.
Mtume! Na kweli nilisema mimi. Mwezi wa tano, hoteli ilipotutafuta mara ya kwanza, nilisema mbele ya wote kuwa jina langu lisitajwe penye pombe. Nilisema kwa maringo, nikasahau. Na herufi kubwa hazitengi jina la mtu na neno.
Nikamwomba mpishi atujaribu tena. Kakataa. Nikaomba mara ya pili, na mimi si mtu wa kuomba. Jumatatu, akasema. Mmoja tu.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimeukoroga mwenyewe. Tui nimelipunguza, nikawaeleza wote kwa nini. Riziki akasikiliza kwa makini, kama siku ya kwanza.
Kule Diani mpishi akakata, akatafuna, akatafuna tena. Mitatu kwa siku, akasema. Mitatu si kumi. Kazi ya watu wawili. Wanne watakaa nyumbani, na nazi nyingi zitarudi kwa dalali.
Nje ya lango la hoteli nikamwambia Riziki. Wifi, siku ile nilijua. Nilichovya kidole nikajua.
Alijifunga leso upya, taratibu.
"Tangu niolewe hujawahi kuniambia uko sawa," akasema. "Siku ile nilifurahi, wifi, hata kuukata mmoja nionje nikasahau."
Jioni nimeroweka mchele wa mikate mitatu. Sufuria ndogo imetosha.