Kabla Hujamwita Fundi Mwizi

Mwende mjukuu wangu,

Hapa Kanyangi tuko salama. Pojo zimekauka na susu, nyanya yako, anakusalimu sana. Umeniuliza kama fundi alikubadilishia propela, ule mtaimbo unaozungusha magurudumu ya nyuma, alipoinua gari yako iwe juu zaidi, maana sasa inatetemeka ukikimbia barabara ya Tseikuru.

Nilipokuwa kijana pale Makindu, niliinua pikapu yangu ya foo-bai-foo, inayosukumwa na magurudumu yote manne, mimi mwenyewe, lakini kufunga propela nikamwachia rafiki yangu Muthoka. Gari ilipoanza kutetemeka, nilijua ameniibia. Siku tatu nilipita gereji yake nikichungulia chini ya magari ya wateja, nikiitafuta propela yangu. Hata kicheko chake nilikishuku. Mwishowe nikamwambia mbele ya watu, "Rudisha chuma changu."

Muthoka akaingia chini ya pikapu yangu. Alifungua propela ya nyuma akaiweka miguuni pangu. Ilikuwa yangu, na kovu lake la zamani.

"Sasa endesha na magurudumu ya mbele peke yake," akasema.

Gari ilitulia kabisa.

"Uliinua gari, propela ikainama kupita kiasi. Ndiyo maana inatikisa."

Akaweka kabari kwenye springi, difu, lile bonge la gia la nyuma, ikaelekea juu kidogo, mtetemeko ukaisha. Lakini tangu siku hiyo Muthoka hakuja tena kwangu kunywa chai.

Huyo fundi wako simjui, na mimi pia namshuku kidogo. Mwambie afungue propela ukiwa hapo, uitazame kama ni yako, kisha uendeshe na magurudumu ya mbele peke yake. Kabla ya hapo, usimwambie neno la wizi.

Babu yako wa Kanyangi